Askari mkongwe akiigeuka vita aliyoiunga mkono mwenyewe, tumsikilize au tumuite msaliti?

Msomaji_Usiku (mwanzisha mada)

Wakuu salaam. Kuna ubishi umenishinda nikaona niulete hapa kwa wenye uelewa. Mimi na rafiki yangu mmoja tunabishana kuhusu John Murtha, yule mbunge wa Marekani wa jimbo la Pennsylvania aliyefariki 2010. Kwa wasiomjua, huyu mzee hakuwa mwanasiasa wa mdomo tu. Aliingia jeshi la Marine la Marekani 1952, vita vya Vietnam akaenda kwa kujitolea 1966 akiwa tayari mtu mzima mwenye mke na watoto, akarudi na nishani ya Bronze Star na Purple Heart mbili (hii wanapewa waliojeruhiwa vitani), na 1974 akawa mkongwe wa kwanza wa mapigano ya Vietnam kuingia Baraza la Wawakilishi. Huko bungeni miaka yote alikuwa mtu wa jeshi, bajeti ya ulinzi ilikuwa inapita kwenye kamati ndogo yake, yaani hakuna mtu angethubutu kumwita mpenda amani wa vibandani.

Oktoba 2002 Bunge lilipopiga kura kumpa Rais Bush ruhusa ya kuivamia Iraq, 296 kwa 133, Murtha alikuwa kwenye wale 296. Sasa tarehe 17 Novemba 2005 huyohuyo akasimama mbele ya waandishi wa habari akasema hii ni sera mbovu iliyovikwa njozi, jeshi limeshafanya kila lililoambiwa, sasa litolewe kule mapema iwezekanavyo. Watu walishtuka kwelikweli.

Rafiki yangu anasema mtu ukishapeleka vijana vitani kwa kura yako, huna haki ya kugeuka wakati wao bado wako kule wanapigwa mabomu ya barabarani. Anasema ni kuwavunja moyo na kumpa adui nguvu. Mimi roho yangu inakataa, naona yule mzee ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote, ila nikiambiwa nieleze kwa nini nakwama, naishia kusema tu "adhabu ya kaburi aijuaye maiti" na yeye ananijibu kwamba maiti wengine wa kaburi hilohilo walitaka vita iendelee, na kweli wakongwe wengi tu walikuwa upande wa Bush. Kwa hiyo swali langu ni hili, kuwa mkongwe kunampa mtu haki gani hasa ya kubadili msimamo, na tutajuaje kama amegeuka kwa dhamira au kwa siasa?

---

kombati_kuukuu

Mimi nimevaa magwanda muda mrefu kwa hiyo nitajibu kama askari. Rafiki yako anachanganya vitu viwili. Kuna kumuunga mkono askari na kuna kuunga mkono vita. Askari hachagui vita, anapewa amri anapanda ndege anaenda. Vita inachaguliwa na watu wa ofisini. Sasa ukisema anayeipinga vita amemsaliti askari, maana yake umemgeuza askari kuwa ngao ya yule aliyemtuma, mkubwa akiulizwa maswali anajificha nyuma ya kijana aliyeko kwenye handaki. Hili jambo linaniuma sana na nitalisema popote.

La pili, watu wanadhani mkongwe anaamka asubuhi moja kageuka. Haiendi hivyo. Mara nyingi inaanzia kwenye mambo ya kikazi kabisa, vifaa, risasi, ratiba. Mnakumbuka Desemba 2004 Rumsfeld waziri wa ulinzi alipokwenda Kuwait kuongea na wanajeshi waliokuwa wanajiandaa kuvuka mpaka kuingia Iraq? Askari mmoja akanyanyuka mbele ya wenzake wote akamuuliza kwa nini wanalazimika kuchokoa vyuma chakavu jalalani wakinge nazo magari yao. Rumsfeld akamjibu kwamba unaenda vitani na jeshi ulilonalo, si jeshi ambalo ungependa kuwa nalo. Sasa jibu kama lile linaeleweka kama umevamiwa usiku umelala. Lakini vita hii tarehe walipanga wenyewe, Machi 2003, walikuwa na miezi na miezi ya kujiandaa. Ukipanga tarehe mwenyewe halafu gari la askari halina bamba la chuma, askari anaanza kujiuliza, kama hawakufikiria hata mlango wa gari langu, walifikiria nini kingine?

Halafu sababu ya vita nayo ikaanza kuhama. Waliambiwa kuna silaha za maangamizi. Ikaja ripoti ya Charles Duelfer mwaka 2004, timu ya Marekani yenyewe iliyotumwa kutafuta, ikasema hakuna akiba ya silaha hizo. Basi ikawa tumekuja kuleta demokrasia, mara tunapigana na magaidi huku wasije nyumbani. Askari anavumilia njaa, anavumilia jua, anavumilia kuona mwenzake anakufa, mradi anajua ni kwa ajili ya nini. Ukimbadilishia hiyo "kwa ajili ya nini" kila baada ya miezi sita umemchosha kuliko adui alivyomchosha.

Murtha yote hayo alikuwa anayaona kwa macho yake, alikwenda Iraq, na nyumbani alikuwa anakwenda kuwatembelea majeruhi kwenye hospitali za Walter Reed na Bethesda. Siku ile ya tangazo lake alisimulia habari ya kijana mmoja aliyepofuka na kupoteza mikono akitegua vibomu vidogo. Mzee akauliza naweza kuwasaidia nini? Mama wa kijana akasema mtafutie Purple Heart. Mzee akashangaa, kwani hajapewa? Akaambiwa hapana, kwa sababu vibomu vilikuwa vya kwetu wenyewe, si vya adui. Akamwendea mkuu wa Marine akamwambia msipompa, nitampa moja ya kwangu. Wakampa. Niambieni hapo nani anamvunja moyo askari, huyu mzee au aliyetunga kanuni ya kumnyima kipofu nishani?

---

Mshale_Mnyoofu

Nakuheshimu mzee kombati ila sikubaliani na wewe, na naona hapa watu wote wanaelekea upande mmoja kwa sababu hadithi inagusa moyo.

Kwanza tusisahau kitu kimoja, maneno ya mbunge mwenye nishani kifuani yana uzito kuliko maneno yangu mimi na wewe. Yakifika kwa wale waliokuwa wanatega mabomu Ramadi na Baghdad wanasikia nini? Wanasikia "ongezeni kidogo tu wanaondoka". Huo ndio uhalisia wa vita, utashi wa upande mmoja ukilegea upande wa pili unapata pumzi. Wewe mwenyewe umekuwa jeshini unajua kwamba kuna mambo yanasemwa ndani, kwa mkuu wako, mlango umefungwa.

Pili, alikosea hesabu. Yeye alisema kijeshi hakuna zaidi cha kufanya. Januari 2007 Bush akafanya kinyume kabisa akaongeza zaidi ya askari 20,000, na wote wanajua kilichotokea. 2007 ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote kwa Wamarekani, zaidi ya 900 walikufa, lakini 2008 vifo vikashuka hadi mia tatu na kitu. Kama wangemsikiliza Murtha wangeondoka wakiwa wameshindwa, wakiacha Wasunni na Washia wanachinjana mtaa kwa mtaa.

Tatu na hili ndilo linaloniudhi zaidi, mji wa Haditha kule Iraq. Tarehe 19 Novemba 2005, siku mbili tu baada ya tangazo lake, raia 24 wa Iraq waliuawa pale na kikosi cha Marine. Jambo baya, halina utetezi. Lakini Mei 2006 Murtha akatoka hadharani akasema waliua watu wasio na hatia kwa makusudi kabisa, kabla uchunguzi haujaisha, kabla mahakama ya kijeshi haijasikiliza mtu yeyote. Mwisho wa siku kati ya wale walioshtakiwa karibu wote mashtaka yalifutwa, na mmoja akakiri kosa dogo la uzembe kazini mwaka 2012. Mtu anayesema anawapenda askari anawahukumu kwenye televisheni? Na alikuwa mwanasiasa wa chama cha upinzani wakati huo, uchaguzi wa bunge uko Novemba 2006. Naomba tuwe wakweli.

---

binti_hoja

Mshale, hoja zako ni nzito na nafurahi umezileta, acha nijibu ile ya siasa kwanza maana ndiyo iliyomkwamisha mwanzisha mada.

Kama kugeuka kulikuwa kwa chama, mweleze Chuck Hagel. Huyu alikuwa seneta wa Republican, chama cha Bush mwenyewe, kutoka Nebraska. Vietnam alipigana 1967 na 1968 askari wa miguu wa kawaida pamoja na mdogo wake Tom kwenye kikosi kimoja, akarudi na Purple Heart mbili. 2002 alipiga kura ya ndiyo kama Murtha (Seneti ilikuwa 77 kwa 23). Na Novemba 2005, siku mbili kabla ya Murtha, akatoa hotuba akasema kuihoji serikali yako si kukosa uzalendo, kutoihoji ndiko kukosa uzalendo. Alipata faida gani kwenye chama chake kwa kusema hivyo? Hakuna, alionekana mtu wa ajabu tu, na wenzake walikuwa wanamkwepa. Kwa hiyo wakongwe wawili, vyama viwili tofauti, wote walishalala kwenye matope ya Vietnam, wote walipiga kura ya ndiyo, na wote wakafika mahali pamoja ndani ya wiki moja. Kwangu huo si mchezo wa uchaguzi.

Na kama unataka kupima dhamira ya mtu angalia alichopoteza kwa kusema. Siku iliyofuata tu tangazo la Murtha, tarehe 18, mbunge mpya kabisa kutoka Ohio, Jean Schmidt, alisimama ndani ya Bunge akasoma ujumbe kwamba waoga hukimbia, Marine hawakimbii kamwe. Fikirini, mtu mwenye majeraha mawili ya vita anaambiwa mwoga na mtu ambaye hajawahi kuvaa kofia ya chuma. Bunge zima lililipuka ikabidi ayaondoe maneno yake. Hata Bush mwenyewe siku chache baadaye akiwa Beijing ilibidi aseme Murtha ni mtu mwema aliyeitumikia nchi kwa heshima. Na usiku uleule wa tarehe 18 Republican wakaleta azimio la kutoa jeshi mara moja, si pendekezo la Murtha bali lililokatwakatwa ili liaibishe, likakataliwa 403 kwa 3, na Murtha mwenyewe akalipigia kura ya hapana kwa sababu halikuwa alichosema.

Na alisema nini basi? Hapa ndipo watu wengi hawajasoma. Hakusema "tufungashe tukimbie". Alisema waondoke kwa utaratibu unaozingatia usalama wa askari, akakadiria miezi kama sita, wabakize kikosi cha haraka jirani na eneo lile, Marine wakae karibu, na kazi iliyobaki ifanywe kwa diplomasia. Akataja namba pia, mashambulizi yalikuwa yamepanda ndani ya mwaka mmoja kutoka 150 kwa wiki hadi zaidi ya 700, na kura ya maoni ilionyesha zaidi ya asilimia 80 ya Wairaq hawataki majeshi yale. Hoja yake ilikuwa kwamba askari wetu ndio wamekuwa shabaha na ndio wanaowaunganisha waasi. Mtu anaweza kumpinga kwa hoja, sawa, lakini ule ulikuwa mpango wa mtu anayejua jeshi linavyohama.

Kitu kimoja nitamkosoa Murtha na wote wa aina yake, na hapa siko upande wa mzee kombati kabisa. Wabunge 133 walisema hapana 2002. Taarifa walizokuwa nazo ni zilezile. Kwa nini mkongwe aliyeishi Vietnam, aliyeona jinsi serikali ilivyodanganya ile vita, asiwe wa kwanza kutia shaka? Uzoefu wa vita ungetakiwa umsaidie kabla. Unakuja kumsaidia baada ya vifo zaidi ya 2,000 vya Wamarekani na sijui maelfu mangapi ya Wairaq. Ninamheshimu kwa kusema lakini namlaumu kwa kuchelewa, na sidhani heshima inafuta lawama.

---

Mama_wa_Wanne

Wanangu nimesoma yote mpaka mwisho. Mimi si mtu wa siasa, nina mtoto wangu jeshini na sisemi wapi. Nataka tu kusema hiki maana naona mnaongea kuhusu kuwavunja moyo askari. Kinachomvunja moyo mama wa askari ni kuona wakubwa wanajua kwamba jambo halifanikiwi na bado wanapeleka wengine kwa sababu wanaona aibu kurudi. Mimi huyo mzee aliyekwenda hospitali akakaa na wale vijana waliokatika miguu, akatoka pale akasema basi imetosha, mimi namshukuru ijapokuwa mtoto wangu hayuko nchi hiyo. Wengi huwa hawaendi hospitali. Wakienda wanapiga picha. Mungu awarehemu wote, wa kule na wa huku, maana na wale wa Iraq wana mama zao na hakuna aliyewataja hapa zaidi ya namba.

---

kombati_kuukuu

Mama shikamoo, na umesema kweli.

Mshale nirudi kwako, sitakwepa. Kuhusu kusema ndani mlango umefungwa, hiyo ni kwa aliye kwenye utumishi. Luteni akiwa na malalamiko anaenda kwa kapteni wake, sawa. Lakini Murtha hakuwa luteni tena, alikuwa mbunge, na katiba ya nchi yao imempa mbunge kazi ya kuamua vita na fedha za vita. Akinyamaza ndiyo ameacha kazi yake. Na angalia mfano wa aliyenyamaza. Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa Vietnam. Alishaona mapema kwamba vita haishindiki, akaondoka wizarani mwanzoni mwa 1968, akafunga mdomo. Alikuja kusema hadharani kwamba walikosea, walikosea vibaya mno, mwaka 1995. Wakati huo zaidi ya Wamarekani 58,000 wako kwenye ukuta wa majina Washington, na sehemu kubwa ya hao walikufa baada ya yeye kufunga mlango. Mlango uliofungwa ulimsaidia nani?

John Kerry alikuwa kinyume chake. Huyu naye alitoka Vietnam na nishani, kamanda wa boti za mtoni, na tarehe 22 Aprili 1971 akaketi mbele ya kamati ya Seneti akiwa na miaka 27 akauliza unamwombaje mtu awe wa mwisho kufa Vietnam, unamwombaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa? Kesho yake wakongwe wenzake wakaenda kwenye ngazi za Bunge wakarusha nishani zao kupita uzio. Wengine walikuwa kwenye viti vya magurudumu. Mimi hilo swali la Kerry ndilo ninalolibeba siku zote, kwa sababu kila aliye kwenye mstari wa mbele anajua kwamba kuna mmoja atakuwa wa mwisho.

Na ndiyo maana hoja ya "tumalize ili waliokufa wasiwe wamekufa bure" inanikera. Bush aliisema Agosti 2005 mbele ya wakongwe pale Salt Lake City, kwamba tutamaliza kazi ambayo hawa walitoa maisha yao kwa ajili yake. Inasikika vizuri, inatoa machozi. Lakini ukiifuata kwa akili haina mwisho, kwa sababu kila anayekufa leo anakuwa sababu ya kumpeleka mwingine kesho. Maji yakimwagika hayazoleki. Heshima ya marehemu huwezi kuilipa kwa marehemu mwingine. Mkongwe akifikia kulielewa hili ndipo anapogeuka, na inamuuma kuliko mnavyodhani, maana anajua ana marafiki makaburini ambao watu watamwambia amewasaliti.

---

Mshale_Mnyoofu

Sawa mzee, la mlango nakubali, sikulifikiria kwa upande wa mbunge. Na nakubali pia pendekezo lake halikuwa kukimbia, kwa kweli nilikuwa naamini lile azimio la 403 ndilo lilikuwa lake. Asante binti.

Lakini hamjanijibu kuhusu 2007. Askari waliongezwa, vifo vikashuka. Hiyo ni rekodi.

---

binti_hoja

Vifo vilishuka, sikatai, na waliokuwa chini kule walifanya kazi kubwa mno. Ila angalia mambo mengine yaliyotokea wakati huohuo. Makabila ya Kisunni ya mkoa wa Anbar yalishaanza kuwageuka al-Qaida tangu 2006, kabla askari wa nyongeza hawajafika, kwa sababu walichoshwa na ukatili wao. Agosti 2007 Muqtada al-Sadr, kiongozi wa wanamgambo wa Kishia, akatangaza wapiganaji wake wasimamishe mapigano. Na Baghdad mitaa mingi ilikuwa imeshatengana kwa madhehebu, waliofukuzwa wamefukuzwa. Kwa hiyo askari wa nyongeza walichangia, ila huwezi kuwapa sifa zote.

Na lengo lenyewe lilitangazwa kuwa ni kuwapa wanasiasa wa Iraq nafasi ya kupatana. Hawakupatana. Mkataba wa kuondoka ulisainiwa 2008 Bush akiwa bado madarakani, jeshi likatoka Desemba 2011 likiwa limepoteza zaidi ya watu 4,400, na Juni 2014 Mosul, mji wa pili kwa ukubwa, ukaanguka mikononi mwa ISIS ndani ya siku chache, jeshi la Iraq lililofundishwa kwa mabilioni likavua sare likakimbia. Murtha alisema tatizo la Iraq halitatuliwi kijeshi. Huwezi kuniambia alikosea hesabu kwa kuangalia 2008 peke yake ukaacha 2014.

Mama wa Wanne umenigusa na umetusahihisha. Raia wa Iraq waliothibitishwa kuuawa ni zaidi ya laki moja, na hao ni wale tu ambao mtu aliandika. Katika mjadala wote wa Marekani wa 2005 walikuwa hawatajwi, hata Murtha aliwataja kidogo sana, hoja yake kubwa ilikuwa askari wake. Wengi wa wakongwe wanaogeuka wanaanzia hapo kwa wenzao, na ni wachache wanaofika mpaka kwa yule waliyempiga. Hata Walter Jones, aliyejaribu kutubu, aliishia kwa familia za askari wao. Huyu alikuwa mbunge wa Republican wa North Carolina, hakuwa mpiganaji, ila jimbo lake lina kambi kubwa ya Marine. 2003 alikuwa na hasira na Ufaransa kwa kupinga vita mpaka akashinikiza chipsi kwenye mgahawa wa Bunge zibadilishwe jina lisitaje Ufaransa. Akaenda mazishi ya Marine mmoja akamsikia mjane akisoma barua ya mwisho, akageuka kabisa. Tangu hapo mpaka anafariki 2019 aliandika barua zaidi ya 10,000 kwa familia za waliokufa, akisema ni toba yake kwa ile kura. Sijui kama barua zinatosha. Lakini nawaona wachache sana wengine waliojaribu hata hicho.

---

Msomaji_Usiku

Nimejifunza mengi wakuu, asanteni sana. Nilichopata ni kwamba nilikuwa nabishana vibaya. Nilikuwa nasema Murtha ana haki kwa sababu alipigana, na hapo ndipo rafiki yangu alikuwa ananibana na wakongwe wa upande wa pili. Kumbe niseme alikuwa na haki kwa sababu alikwenda kuangalia, akaleta namba, akatoa mpango, akakubali kutukanwa. Kupigana kwake Vietnam kulimsaidia kujua aangalie wapi.

Mzee kombati nina swali moja la mwisho, hapo kwenye Haditha unasemaje? Maana Mshale alilisema na hakuna aliyeligusa.

---

kombati_kuukuu

Nililiruka kwa sababu ni gumu, sio kwa sababu Mshale amekosea. Hapo naona mzee aliteleza kwenye namna. Kumhukumu askari kabla ya mahakama si haki, hata kama yeye alipata taarifa zake kwa makamanda. Angesema kuna tukio baya linafichwa, lichunguzwe hadharani, ingetosha, na ilihitajika kusemwa, kwa sababu taarifa ya kwanza kabisa ya jeshi ilidai wengi wa wale raia waliuawa na bomu la barabarani. Walikuwemo wanawake na watoto ndani ya nyumba zao. Kama waandishi wa habari wasingefukua, lingeishia kwenye ile taarifa ya uongo.

Ila nataka muelewe kwa nini alisema vile. Alisema kikosi kile kilikuwa chini ya shinikizo kubwa mno, vijana wamerudishwa vitani mara ya pili mara ya tatu, wenzao wanalipuliwa na adui hawamwoni. Alikuwa anasema vita hii ndiyo inayowafanya vijana wetu wawe hivi. Mimi nakubaliana na hilo kwa asilimia zote na bado nasema majina ya watu yalitakiwa yasubiri mahakama.

---

Mshale_Mnyoofu

Hapo kwenye Haditha tumeelewana mzee. Kuhusu 2007 binti tutaendelea kubishana, nitarudi na hoja za Anbar maana kuna mambo ya pale naona umeyarahisisha, makabila yale yasingethubutu kugeuka kama Marine wasingekuwa jirani kuwalinda.